Pesa ya Uso

Siku waliyomzika Baba Rehema, msemaji wa familia alishika kipaza sauti akasema marehemu alikuwa mlinzi wa mali ya umma, mtu ambaye hakuvumilia kitu cha nchi kichezewe. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimeketi mstari wa mbele, kwa sababu siku hizi nikiingia kwenye msiba hapa Newala nawekewa kiti mstari wa mbele, na kiti chenyewe hufutwa vumbi kwanza. Nilikaza mikono magotini. Msibani hatusemi mabaya, ndivyo tulivyolelewa, na mtu akishafunikwa udongo hata mwenye dai lake humeza mate. Lakini niliporudi nyumbani nilikunywa maji vikombe viwili vizima nikiwa nimesimama. Mlinzi wa mali ya umma! Mtu yule aliwahi kunyoosha mkono wake mbele ya kijiji kizima akachukua kitu usoni mwangu, na maisha yangu yote tangu pale nimeyajenga kwa ghadhabu ya siku ile.

Nasema nimeyajenga, na wasomaji wasiotaka kusikia mwanamke akijisifu waruke aya hii. Mimi ni mpima ardhi. Stashahada yangu imetundikwa sebuleni, si chumbani, na kila anayekuja kuomba maji huiona. Nimepima viwanja vya watu kutoka Tanga mpaka Mbeya, nimelala kwenye mahema na mafundi wanaume walionidharau Jumatatu na kunibebea darubini yangu Ijumaa. Nilipotosheka nikarudi Newala nikajenga nyumba ukingoni, mahali ambapo ukikaa barazani unaliona bonde la Ruvuma lote mpaka ng'ambo Msumbiji. Sikujengewa na mume, wala kaka, wala mheshimiwa yeyote. Chini ya ua wangu nimechimba tangi la maji ya mvua, pana kuliko vyumba vya watu wengi, na kiangazi kikikaza majirani huja na ndoo zao nami humfungulia kila mmoja bila kumuuliza chama wala dini. Watu hudhani nilichimba lile tangi kwa sababu nina fedha. Nililichimba kwa sababu ya Bibi Fatu na pipa la ofisi.

Mwaka ninaousema ni ule uliofuata sherehe za miaka ishirini ya Uhuru. Nilikuwa darasa la saba, wa kwanza darasani, na wa pili alikuwa mbali. Nilikaa kwa Bibi, katika nyumba ya miti na udongo yenye vyumba viwili. Kimoja tulilala, kingine kilikuwa cha mbaazi, muhogo mkavu na kuku anayetotoa. Harufu ya mwaka ule ninayo mpaka leo: unga wa muhogo, moshi, na sabuni isiyokuwepo. Kila kitu kilikuwa hakipo. Sukari haikuwepo, mafuta ya taa yalikuja siku yakipenda, na watu walikuwa wanafulia majivu. Jioni wanawake walikaa uani kwetu wakimenya ming'oko, mizizi ya porini, wakasemezana mambo ya dunia kama yaliyosomwa redioni. Ndipo niliposikia kwamba kuna pesa mpya ya kukumbuka Uhuru, kubwa, inayong'aa, ya chuma. Hakuna aliyeiona. Mmoja alisema iko Dar es Salaam tu. Mwingine akasema inatolewa kwa waliopigana vita. Bibi, ambaye alikuwa na chanjo za Kimakonde usoni tangu usichana wake na hakupenda kuonekana hajui, alisema, "Ikiwa ni ya Uhuru itafika. Uhuru wenyewe ulifika huku kwa miguu."

Ilifika kwa njia ya chenji. Bibi aliuza korosho zake, akanichukua mpaka Newala kununua khanga za kutokea unyago wangu, maana ilikuwa imekwisha kukatwa shauri kwamba katikati ya mwaka, mavuno yakiisha, nitaingia ndani pamoja na wenzangu. Tuliingia dukani kwa Mzee Salumu, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara wa Masasi. Kilikuwa chumba chembamba kinachonuka samaki mkavu, rafu nusu tupu, na kule juu kabisa makopo ya rangi ambayo nadhani yalikuwa na umri wangu. Bibi alitoa noti, akapewa khanga, na Mzee Salumu akamwekea juu ya kaunta kitu kizito kilicholia kama kifuniko cha sufuria.

"Hii nini, Baba?"

"Chenji yako, Bibi."

"Chenji yangu naijua. Ishirini ni karatasi. Hii umenipa medali ya mtu."

"Ndiyo mpya hiyo. Ya kukumbuka Uhuru. Shilingi ishirini halali."

"Kwa hiyo kesho nikija kutaka chumvi, nikikupa hii unapokea?"

"Napokea kwa mikono miwili. Tena kama inakuchoma, irudishe sasa hivi. Mimi mwenyewe ya pili sina."

Bibi akaifunika kwa kiganja haraka. "Kama haikukuchoma wewe uliyelala nayo kwenye droo, mimi haitanichoma." Akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaigeuza na kuigeuza tena. Upande mmoja kulikuwa na sura ya mkuu wa nchi. Nilimsomea maandishi, naye alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akarudi kaunta na uso wa mtu aliyegundua kasoro kwenye kitambaa. "Baba Salumu, wamesahau tundu."

"Tundu gani?"

"Senti za Mzungu zilikuja na tundu lake katikati. Unatunga kwenye uzi, hazipotei, mtoto anavaa. Hii ya kwetu wenyewe haina. Aliyeitengeneza kaharakisha." Mzee Salumu alicheka mpaka akashikilia mizani. Bibi hakucheka. Alikuwa anasema kweli. Mama yake alitoka unyagoni na senti za tundu zikizunguka kichwa chake, na yeye vilevile, na kwa akili yake pesa isiyo na tundu ilikuwa pesa ambayo haijamalizika.

Lazima nieleze jambo moja, maana vijana wa leo wanaijua ngoma ya spika tu. Kwetu, siku mwali anapotoka, watu humtuza kwa kumbandika pesa kwenye paji la uso. Zinazofuata hudondoka, somo wake, mama anayemfunda unyagoni, huziokota, zinanunua sabuni na mafuta. Lakini ile ya kwanza, ile ya nyumbani kwake, haitumiki. Ndiyo pesa ya uso. Inakaa pale mpaka mwali arudi ndani, na mtu mmoja tu ndiye mwenye ruhusa ya kuitoa, naye ni somo wake, akishamwosha uso kwa maji. Halafu mwali anapewa mkononi na inakuwa yake mpaka kufa. Mwanamume hagusi uso wa mwali siku ile. Hata baba mzazi hagusi. Hilo halikuwa limeandikwa popote, na halikuhitaji kuandikwa, kama vile hakuna mahali palipoandikwa kwamba usikojoe jikoni.

Basi kwa wiki kadhaa kijiji kizima kiligeuza chenji. Mtu akitoka dukani anasimama njiani anaangalia kiganja. Walipatikana wengine wawili watatu waliozipata, wakazifunga kwenye pindo za khanga, pamoja na ugoro, wakawa wanazifungua kuonyesha wageni. Ya Bibi ilikaa kwenye kibuyu cha chumvi, na kila Mama Hadija alipokuja, ambaye ndiye aliyechaguliwa kuwa somo wangu, waliijaribu usoni mwangu. Mama Hadija alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha ngoma. Alilamba ile sarafu, akanibandika, akaachia. Ikadondoka. Akailamba zaidi, akasukuma kwa kidole gumba. Ikakaa kidogo, ikateleza puani, ikatumbukia kwenye chungu cha mbaazi.

"Nchi imekuwa nzito, Bibi Fatu," alisema Mama Hadija, akiitafuta kwa mwiko.

"Sijasema? Tundu."

Tukaenda kwa fundi baiskeli, mtu mwembamba tuliyemwita Fundi Spoki, aliyekuwa na keekee ya mkono ya kutobolea mabati. Aliishika sarafu akaangalia kushoto na kulia. "Bibi, huyu nimtoboe wapi? Nisije nikampiga jicho."

"Toboa juu ya kichwa, penye hewa. Usimguse mwenyewe."

Fundi akabana, akazungusha, jasho likamtiririka, maana chuma kile kilikuwa kigumu. Ilipokaribia kupenya, keekee iliteleza, ikachora mstari mfupi uliopinda kutoka kwenye tundu kuja karibu na sikio. Fundi aliruka kama ameungua. "Yalaa! Nimemchanja!"

Bibi aliichukua, akaitazama kwa muda. Nilidhani atagomba. Akapitisha kidole kwenye ule mstari, kisha akakipitisha kwenye chanjo za shavu lake mwenyewe, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Sasa ni Mmakonde," alisema. "Sasa ni wetu kabisa." Usiku wala mchana katika maisha yangu sijasikia mtu akiipenda nchi yake kwa maneno mazuri kuliko hayo, na nimehudhuria hotuba nyingi.

Siku ya kutoka, walitupanga mstari mmoja kiwanjani, tumepakwa mafuta ya nyonyo, khanga mpya, miavuli juu yetu, macho chini kama tulivyofundishwa. Pesa yangu ya uso ilining'inia kwenye mkufu wa shanga uliozunguka kichwa changu, katikati ya paji la uso, baridi na nzito. Nilikuwa nikipumua, inanigonga taratibu. Sikuruhusiwa kuinua macho, kwa hiyo siku ile naikumbuka kwa miguu. Niliona miguu ya wanawake ikija karibu kuangalia, miguu mikavu yenye vumbi jekundu, na juu yake sauti: "Iko wapi? Ile pale! Mwe, Bibi Fatu kamvalisha serikali!" Vigelegele vikapigwa. Niliona raba za watoto wachache wenye raba. Kisha nikaona viatu vyeusi vya ngozi, vimefungwa kamba, na vigelegele vikapungua kama moto uliomwagiwa maji. Ni mtu mmoja tu kijijini aliyevaa viatu vile. Katibu wetu wa kijiji, Baba Rehema, alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha mgeni wa heshima, na binti yake Rehema, mwenzangu wa darasani ambaye alikuwa aingie unyagoni mwaka uliofuata, alikaa mkekani miguuni pake. Sasa Katibu alikuwa ameinuka kutoka kwenye kiti chake.

"Nani katoboa hii?"

Mkono wake ukaja. Nasema mkono, maana ndicho nilichokiona, saa yenye mkanda wa chuma, kucha safi, na vidole vitatu vilivyoshika pesa ya uso wangu na kuvuta. Uzi ulinikata ngozi kwanza, ndipo ukakatika wenyewe. Shanga zilimwagika mchangani zikiruka huku na huku, na wanawake wakapiga ukelele ambao sijausikia tena, si ukelele wa msiba wala wa furaha.

"Baba Rehema!" Sauti ya Bibi. "Mkono wako! Uso wa mwali huo!"

"Nyamaza wewe mama! Huyu ni mkuu wa nchi. Mmemtoboa kichwa, mmemkwaruza uso, mmemfanya shanga. Mnajua hili ni kosa gani?"

"Kosa? Mimi nimemtundika juu, Baba, penye uso wa mtoto, watu wote wamwone. Mkeo je? Mkeo kamfunga kwenye pindo la khanga, na ugoro, hapo hapo anapokalia."

Walicheka. Mama Hadija ndiye aliyeanza, hakuweza kujizuia, kisha wote, mpaka wapiga ngoma, mpaka nadhani na yule mke mwenyewe. Nami, macho chini, damu ikinitoka kidogo kwenye paji la uso, nikaona vile viatu vyeusi vikigeuka na kuondoka. Angeachwa aondoke na kitu kingine, labda yangeishia pale. Aliondoka na kicheko, na mtu wa aina ile kicheko hakimezi.

Alimwita Bibi ofisini mbele ya wazee, na ofisi ilikuwa chumba chenye dirisha moja, kwa hiyo kijiji kizima kilikaa nje kikasikia. Alisema sarafu imekuwa ushahidi na itapelekwa wilayani. Alisema kama Bibi ataomba radhi kwa nchi na kufanya kazi ya umma, hatamfikisha mbali. Bibi akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, "Niiombe radhi nchi kwa kuivaa?" Mzee mmoja akamsihi, "Sema tu, Fatu, tukale." Akasema. Nilimsikia akisema. Kazi ya umma aliyopewa ilikuwa kujaza pipa la maji la ofisi. Msomaji ambaye hajaishi juu ya uwanda huu haelewi maneno hayo. Huku juu hakuna mto. Kiangazi kile matangi ya mvua yalikuwa yamekauka, na maji yalikuwa chini bondeni, njia ya kuteremka kwa magoti na kupanda kwa kifua. Mwanamke akitoka na debe alfajiri anarudi jua limesimama, na debe hilo ni la kunywa na kupikia watu wa nyumba nzima. Bibi aliweka kata ya kutegemeza debe kichwani akateremka. Akapanda, akamimina ndani ya pipa lile, sauti ya maji ikawa kama mate yaliyotemwa kisimani. Akateremka tena siku ya pili, na ya tatu. Mimi nilibeba debe dogo nyuma yake. Mama Hadija alikuja akabeba, wakaja na wengine, na Katibu akatoka mlangoni akasema adhabu ni ya mtu mmoja, wenye maji yao wayapeleke kwao. Pipa lilipokaribia kujaa, wafanyakazi wa ofisi walikuwa wanayanawia miguu maji yale.

Shingo ya Bibi haikusimama tena vizuri baada ya kiangazi kile. Hakucheza ngoma tena, wala hakukaa uani jioni kumenya ming'oko na wenzake. Jina langu lilipotoka la kwenda sekondari, Masasi, alinifungia nguo akasema, "Somoe, kasome mpaka uwe mtu wa kuvaa viatu. Lakini ukivivaa, mkono wako uuangalie." Alifariki nikiwa kidato cha tatu. Nilifika kaburi limekwisha kufukiwa. Watu wanaposema elimu ni ufunguo wa maisha mimi huwasikiliza tu. Kwangu haikuwa ufunguo. Nilisoma hesabu za pembe na masafa mpaka macho yakauma kwa sababu nilitaka siku moja nisimame mbele ya viatu vile na vyangu viwe vizuri zaidi. Na nilifanikiwa, isipokuwa mwenye viatu alikuwa amezeeka, hanitambui, ananiita "mheshimiwa" na kuniomba nimpimie shamba.

Arobaini ya Baba Rehema ilipopita, Rehema alikuja kwangu kuteka maji na kunialika. Mjukuu wake, Nasra, alikuwa anatoka unyagoni Masasi, shughuli kubwa, sare ya kitenge cha njano. "Usikose, Mama Zuhura," alisema, akiniita kwa jina la binti yangu. "Wewe ni mtu wetu." Nilikwenda. Nilipelekwa mstari wa mbele, chini ya turubai, spika zikiwa zimenielekea kama adhabu, harufu ya pilau ikitoka nyuma ya nyumba. Wasichana wa unyago wakaletwa, na Nasra akiwa wa katikati, macho chini kama ilivyotakiwa. Kwenye paji la uso wake, kwenye utepe wa shanga mpya za plastiki, ilikuwa inaning'inia sarafu kubwa ya chuma.

Kazi yangu ilikuwa kutambua alama. Nikikuta bikoni ya mpaka iliyozikwa miaka mingi porini naijua kwa ufa wake. Sikuhitaji kuinuka kwenye kiti. Tundu juu ya kichwa, limekwenda upande kidogo. Mstari uliopinda kutoka kwenye tundu kuja karibu na sikio. Mmakonde wa Bibi Fatu alikuwa ananitazama kutoka uso wa mtoto wa watu.

Kila kiungo changu kilitaka kunyanyuka kwenda kuivuta. Nusu ya mwili ilikuwa imekwisha kunyanyuka. Ndipo nilipouona mkono wangu mwenyewe, una saa, una kucha safi, na nikaurudisha magotini kwa nguvu kama mtu anayemzuia mbwa. Hapo ndipo hasira yangu ilipofika mahali ambapo haijawahi kufika. Yule mtu aliivunja mila akaondoka nayo, na mimi, mwenye haki, nilifungwa na mila ileile nikae nitazame. Nilimwita Rehema kwa kidole. Akainama karibu yangu, manukato na jasho.

"Ile pesa ya uso mmeitoa wapi?"

"Ile? Ah, ya zamani hiyo, dada. Nilitokea nayo mimi, akatokea nayo binti yangu. Baba aliniletea. Alisema ameipata kwenye chenji."

"Kwenye chenji."

"Ndiyo, dukani kwa Mzee Salumu. Ikiwa na tundu lake hivyohivyo."

"Rehema," nilisema, "ulikuwepo. Ulikuwa mkekani, miguuni pake."

Alitazama chini kama mwali. "Nilikuwepo," alisema. Kisha, "Nilikuwa mtoto, Somoe. Ningemwambia nini baba?"

"Ulikuwa mtoto. Baadaye ukawa mama, na sasa ni bibi. Umekuja kuteka maji kwangu mara ngapi? Katika hayo yote hukupata siku moja?"

"Twende ndani, nitakupa. Somo akishamwosha, nitakuletea chumbani, tuyamalize kindugu."

"Sikunyang'anywa chumbani. Nilinyang'anywa uwanjani."

Nikakaa. Pilau ililetwa, sahani yenye nyama ya juu kabisa, nikaiacha ipoe mbele yangu. Mtu wa kwetu anajua maana yake. Mgeni wa mstari wa mbele asiyekula ni sawa na aliyesimama juu ya meza akapiga kelele. Watu wakaanza kuulizana. Mwanamke mmoja akanisogelea, "Shikamoo Mama Zuhura, hujisikii vizuri?" Nikamjibu marahaba, nasubiri uso wa mtoto uoshwe. Sahani ikaondolewa, ikaletwa nyingine ya moto, nayo ikapoa. Jua lilipoanza kulala Nasra akaingizwa ndani, akaoshwa na somo wake, akarudishwa kuaga, uso mtupu. Rehema alitoka nyuma yake ameshika kitu kwenye ngumi. Alinitazama. Sikumsaidia hata kwa kope. Akamwambia kijana wa muziki azime, akachukua kipaza sauti.

"Jamani," alisema, "sarafu hii aliyotokea nayo mjukuu wangu ilikuwa ya Bibi Fatu, bibi yake Mama Zuhura. Marehemu baba yangu aliihifadhi..."

"Sema aliichukua," nilisema kutoka kwenye kiti changu. Sikuhitaji kipaza sauti. Sauti hii imeita watu ng'ambo ya mabonde.

Mtoto mmoja akalia mahali.

"Aliichukua," alisema Rehema.

"Wapi?"

"Usoni. Uso wa mwali." Na bibi mmoja mzee sana aliyekaa mkekani, ambaye sikuwa nimemtambua kwa jinsi alivyokwisha, akajipiga kofi kwenye paja akasema kwa sauti iliyobaki nusu, "Nimesikia kabla sijafa." Alikuwa Mama Hadija.

Nilifikiri nikiipokea nitalia. Sikulia. Niliigeuza kiganjani, ikanipanda ghadhabu mpya, kwa sababu walikuwa wameitunza. Ilikuwa imesuguliwa vizuri, inang'aa kuliko siku ile dukani, na kingo za tundu zilikuwa laini kwa uzi wa miaka yote hiyo. Walijua thamani yake tangu mwanzo. Haikuwa kosa lolote kuitoboa. Kosa lilikuwa kwamba Bibi ndiye aliyeivalisha kwanza.

Nasra alikuwa bado amesimama mbele yangu, macho chini, na kwenye paji la uso palikuwa na duara jekundu palipokuwa na pesa. Huyu sina kesi naye. Mimi najua maana ya kurudi nyumbani na uso mtupu. Nikafungua pochi, nikatafuta katika chenji yangu, nikapata mia tano moja. Nikailamba mbele za watu wote, mimi mwenye stashahada, nikambandika na kusukuma kwa kidole gumba kama alivyokuwa akifanya Mama Hadija. Ikashika. Wanawake wakapiga vigelegele, nikaondoka bila kumuaga Rehema.

Majuzi amekuja tena na ndoo zake. Nilimfungulia, kama ninavyomfungulia kila mtu. Alisimama pale bombani, maji yakijaa, akaiona ile sarafu niliyoitundika ukutani juu ya koki, akasema kwa sauti ya chini, "Sasa tumemalizana, dada, eti?"

Nilimtazama alivyoweka kata kichwani na kuinama kunyanyua.

"Sarafu imerudi," nilimwambia. "Maji bado."